Aliyengoja Malaika

"Nitolee shati langu jeupe," Egidius alisema. "Lile nililorudi nalo."

Gaudensia alikuwa ameinama mlangoni anapuliza moto wa uji, na hakuinuka mara moja. Alilijua hilo shati, na alijua linaombwa kwa ajili gani. Mumewe alilivaa siku moja tu, siku walipopanda lori kule Kibondo kurudi Burundi baada ya miaka kumi na minne ya kambi ya wakimbizi. Walipofika Buhinyuza alilivua, akalifua kwa mikono yake mwenyewe, akalikunja na kusema kwamba imebaki safari moja tu, na shati ni la safari hiyo.

"Shati la nini asubuhi hii, Baba Vumilia? Kunywa uji kwanza."

"Uji utatokea ulikoingilia. Nitolee shati."

Tangu jana jioni alikuwa anatapika. Ile ngiri yake, ambayo miaka yote ilikuwa ikitoka na kurudi ndani kama mtoto mtundu anayechungulia wageni, jana ilitoka alipokuwa anabeba gogo, na mara hii ikakataa kurudi. Sasa ilikuwa ngumu kama ngumi. Tumbo lilikuwa limejaa, midomo imekauka, na uso wa mzee yule mweusi wa kung'aa ulikuwa na rangi ya majivu. Lakini hakuwa na huzuni, na hicho ndicho kilichomtisha mkewe. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyekaa juu ya mzigo wake uliofungwa, anasubiri jina lake lisomwe kwenye orodha ya lori.

"Mama, tumpeleke hospitali!" Vumilia, binti yao wa mwisho, alikuwa amesimama katikati ya chumba na kitambaa chenye maji mkononi. "Kambini wangeshampakia kwenye gari zamani."

"Hapa si kambini," Gaudensia alisema.

"Mwacheni Mungu afanye kazi yake," Egidius akasema, na sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Nimewafundisha watu mbingu miaka ishirini. Sasa nikiitwa nikimbilie sindano? Huko ninakokwenda hakuna wakubwa wa kuja na kamba kunigawia shamba katikati. Hakuna kuamka asubuhi na kumwona yule."

Hakulitaja jina, wala hakuwa na haja. Yule alikuwa Venansi, upande wa pili wa miyenzi, ule ua wa miti, hatua arobaini kutoka mlangoni pao. Walimkuta pale waliporudi, akikaa katika nyumba ya Kastori, kaka yake Egidius aliyeuawa mwaka ule wa vita. Venansi naye alikuwa ameletwa pale na vita hiyo hiyo. Kesi ikaenda, ikarudi, mwisho shamba likagawanywa nusu kwa nusu, miyenzi ikapandwa mpakani, na tangu siku hiyo, miaka mitatu, Egidius hakuwahi kumpa Venansi hata salamu ya asubuhi.

Gaudensia aliliweka shati juu ya blanketi, akiwa amelikunja vilevile. Kisha akavaa kitenge chake cha pili juu ya kile cha kwanza, kama afanyavyo mwanamke anayekwenda kuomba.

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kutafuta mabega," akasema.

* * *

Hapa ndipo palipokuwa na kosa lao, na lilikuwa kosa la watu waliolelewa na kambi. Kambini mgonjwa akizidiwa ulikimbia kwenye ofisi yenye redio, mtu akapiga simu, na gari jeupe likaja na vumbi lake. Hukuhitaji kupendwa na yeyote, ilitosha kuwa na karatasi yako. Lakini gari haliwezi kupanda vilima vile vya Buhinyuza. Hapo mgonjwa hubebwa kwa ingobyi, machela ya mianzi iliyosukwa kama kikapu kirefu, yenye miti miwili ya kuwekwa mabegani, na kila kilima kina ingobyi yake na watu wake. Kila nyumba hutoa bega moja. Nyumba isiyotoa bega haibebwi.

Mwaka ule waliporudi, Urbano, mkubwa wa ingobyi ya kilima, alikuja mwenyewe kuwakaribisha. Alitaka bega la Egidius, na mtungi mmoja wa urwarwa, ile pombe ya ndizi, ili wabebaji wanywe na kumjua. Egidius alikuwa ameacha pombe kambini katika kikundi cha sala. Lakini kilichomkera zaidi ni kwamba Venansi alikuwa miongoni mwa wabebaji, na mti wa ingobyi hauulizi unabeba pamoja na nani. Basi akajibu mbele ya watu: "Ndugu zangu, machela yenu siyahitaji. Siku yangu ikifika nitabebwa na malaika."

Watu walicheka wiki nzima. Tangu hapo hakuna aliyemwita Egidius tena, wala katekista. Jina likawa Muzee wa Malaika, na watoto wa shule walipompita njiani walipunga mikono kama mabawa.

Gaudensia aliyawaza hayo akishuka kijia chenye utelezi. Aliwaza na jambo jingine ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata padri. Kambini alikuwa akiimba nyimbo za mbinguni mpaka machozi yanalowesha shingo. Akifumba macho aliiona hiyo mbingu: ilikuwa na ukungu wa asubuhi, na migomba, na mteremko unaoshuka mpaka kwenye maji. Siku aliposhuka kwenye lori akautazama mteremko wenyewe kwa macho, akapiga magoti akalia. Na tangu siku hiyo ile hamu ikaisha, kama njaa ya mtu aliyekula. Kwaya ikiimba kuhusu mji ule wa juu, yeye alichezesha midomo huku akiwaza mbuzi wake anayekaribia kuzaa. Alikuwa na sufuria mbili mpya. Alikuwa na mparachichi ulioanza kuzaa. Mbingu ya nini tena? Aliona aibu. Alimwona mumewe mtakatifu, na yeye mwenyewe mwanamke wa udongo tu.

Lakini leo asubuhi, alipoona yale macho ya Egidius, aibu hiyo iliingiwa na hofu, na hofu ikaingiwa na swali ambalo hakuwa bado na maneno yake.

* * *

Wanaume walikuwa kwa Urbano, wanamenya ndizi za kukamulia pombe. Walikuwa tisa au kumi. Venansi alikuwa amechuchumaa pembeni, visu vikienda haraka mikononi mwao.

"Karibu, Mama Vumilia," Urbano alisema bila kusimama. "Tuambie."

"Baba Vumilia anakufa. Ngiri imekaza tangu jana. Naomba ingobyi."

Mmoja akasafisha kisu chake kwenye jani la mgomba.

"Ngoja kwanza," Urbano akasema. "Mi sielewi vizuri. Malaika hawakuja? Ama mvua iliwaharibia njia?"

Wakacheka, wengine kwa kuinamisha vichwa, maana hakuna aliyependa kabisa kucheka. Gaudensia alisimama akaacha kicheko kipite juu yake mpaka kiishe. Alikuwa amesimama hivyo kwenye foleni za unga miaka kumi na minne.

"Walikuja," akasema. "Wamefika mpaka mlangoni. Wakaniambia wao wana mabawa tu, mabega wamewaachia watu wa kwa Urbano."

Mzee mmoja akaguna, "Ehee! Huyo mama!" na safari hii wote walicheka sawasawa, hata Urbano, ambaye alijaribu kujizuia akashindwa. Kisha akakunja uso.

"Bon, sawa. Lakini sheria iko sheria, Mama. Nikimbeba yeye leo, kesho nani atakubali kuamka kwa ajili ya wengine? Kila mtu atasema anangoja malaika. Ni wanane tunahitaji, wa kupokezana. Ni mlima, ni bonde, ni mlima tena mpaka barabarani. Nani atabeba mtu ambaye hajawahi kubeba mtu?"

Visu vilikuwa vimesimama.

"Mi nitabeba," Venansi akasema.

Wote wakamgeukia. Alisimama, akajipangusa mikono kwenye suruali. Alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye maneno machache, ambaye zamani alipakia mizigo soko la Gitega na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni.

"We?" Urbano akauliza. "We ndiyo hata salamu hakupi."

"Mi sijasema atanisalimia. Nimesema nitabeba. Mi iko jirani. Nikikaa hapa namenya ndizi na yeye iko anakufa pale, nitalala vipi? Hatua arobaini, nitasikia kilio chote."

Basi yule mzee aliyeguna akainuka, akifuatiwa na mwingine, na mwishoni Urbano mwenyewe akaenda kuishusha ingobyi kutoka juu ya banda, akinung'unika kwamba mtungi huo sasa utakuwa miwili, na kwamba Muzee wa Malaika ataileta mwenyewe kichwani hata akiwa na mshono.

* * *

Egidius aliposikia miguu uani alifungua macho. Alikuwa amejivika shati jeupe kwa msaada wa Vumilia, ambaye alikuwa analia pembeni. Aliona wanaume, akaona mianzi, kisha akamwona aliyeshika mti wa mbele.

"Huyo hapana," akasema.

"Baba Vumilia."

"Nimesema huyo hapana. Anakaa kwenye nyumba ya ndugu yangu, analima shamba la baba yangu. Leo anibebe mpaka kaburini aseme alinihurumia? Mniache nife kwa amani. Nyumba yangu iko juu, haijagawanywa. Nendeni."

Venansi aliuachia mti ukashuka taratibu. Hakukasirika. Alirudi nyuma mpaka kwenye ua, akageuza uso upande wa miyenzi. Urbano akatikisa kichwa. "Tumeona," akawaambia wenzake. "Twende zetu, ndizi zitaharibika."

"Ngojeni," Gaudensia akasema. "Ngojeni kidogo tu, baba zangu."

Aliingia akafunga mlango wa mbao. Ndani kulikuwa na harufu ya matapishi na ya sabuni ya lile shati. Alikaa kitandani, kitu ambacho huwa hakifanyi mbele ya watu, akaushika mkono wa mumewe. Ulikuwa baridi na umelowa. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumfundisha Egidius neno la dini. Yeye aliishia darasa la tatu, na mwenye kitabu alikuwa mumewe.

"Nikuulize kitu, mwalimu?"

"Uliza."

"Venansi alibatizwa?"

"Watu wengi wamebatizwa."

"Anakuja misa. Namwona anapokea komunyo. Sasa akifa vizuri, Mungu akamwambia haya, Venansi, ingia. Akakuta wewe umeshakaa. Utatokea mlango gani?"

Egidius alifumba macho. "Hatakuwepo."

"Nani amekuambia? Umeonyeshwa orodha?"

Egidius aligeuza uso ukutani.

"Nisikilize, mume wangu. Ningejua ni Mungu anayekuita, nisingekuzuia. Ningekufunga vifungo vya shati hili kwa mikono yangu, nikakusindikiza kwa nyimbo. Lakini mimi nimekimbia nawe mara moja nikiwa na Vumilia mgongoni, nakujua ukikimbia unavyokuwa. Macho yako ndiyo haya haya. Wewe huitwi. Wewe unahama. Unamhama Venansi. Na huko hakuna mto wa kuvuka uende upande mwingine, Egidius. Hakuna kambi nyuma ya mbingu. Ukimkuta pale itabidi ukae naye, siku zote, bila miyenzi."

Kifua cha mzee kilipanda na kushuka. Alijikunja, maumivu yakamshika, akauma blanketi mpaka yakapita. Yalipopita alikuwa analia kama watoto wanavyolia, bila kujificha.

"Nimechoka, Gaudensia. Nilidhani kurudi ni kurudi. Tukarudi nikakuta bado si kwetu."

"Najua."

"Nikasema basi kwetu ni kule. Hakuna mwingine atakayenitangulia kukaa."

"Kule wametangulia wengi," akasema. "Na wengine wanakuja nyuma yetu. Ndiyo maana ni kwetu." Maneno hayo yalimtoka kabla hajayapima, akayashangaa mwenyewe. "Sasa nifungue mlango?"

Uani mtu alikohoa. Egidius alitazama paa.

"Mwambie ashike mbele," akasema mwishowe. "Huko nyuma atanitikisa."

* * *

Walimbeba. Wanne wanabeba, wanne wanatembea pembeni, na kila walipofika penye jiwe au kijito Urbano aliita na mabega yakabadilishana bila ingobyi kugusa chini. Kwenye bonde walikutana na wanaume wawili wasiowajua kabisa, wanatoka sokoni na baiskeli. Wakaziegemeza kwenye mti, wakaingia chini ya miti ya ingobyi mpaka juu ya mlima, kisha wakarudi kufuata baiskeli zao bila hata kuuliza jina la mgonjwa. Gaudensia alitembea nyuma na kikapu kichwani, sufuria, sabuni na kitenge, na aliona kwamba katika kubadilishana kote huko Venansi alibadilishana mara moja tu. Bega la kushoto likichoka alihamia la kulia, akaendelea.

Ndani ya ile ingobyi Egidius alikuwa anaomba kwa sauti ndogo. Alikuwa anasali Baba Yetu. Gaudensia alimsikia akifika kwenye kusamehe, akanyamaza, akaanza tena mwanzo. Akafika palepale, akanyamaza. Alifanya hivyo mlima mzima. Mbele ya Egidius, hatua mbili tu, ulikuwa mgongo wa Venansi, umelowa jasho, na shati limepasuka penye mti.

Barabarani, mbele ya duka la Taki, gari la wagonjwa lilikuwa limeshaitwa. Taki alikuwa amepiga simu kwa fedha yake alipoona ingobyi inatokea kilimani, na alileta chupa ya maji na kiti, akisema, "Pole, Mama, pole sana, Mungu ni mkubwa," huku akiwafukuza kuku njiani. Muuguzi wa gari akasema nafasi ni ya mgonjwa na watu wawili.

"Mke wake," Urbano akasema, "na mwanamume mmoja wa kumnyanyua."

Alipogeuka kuchagua, Venansi alikuwa ameshapanda.

* * *

Hospitalini Muyinga walimwingiza kwa daktari moja kwa moja. Mlango wa bluu ukafungwa, wakaachwa kwenye benchi la ukutani, Gaudensia upande huu na Venansi upande ule, na kikapu katikati. Jua lilipita dirisha moja likahamia la pili. Venansi alikuwa anajigusa bega mara kwa mara, kisha anaficha mkono.

"Hebu nione," Gaudensia akasema.

"Hakuna kitu, Mama."

"Nimesema nione."

Ngozi ilikuwa imetoka, nyekundu, ukubwa wa kiganja. Alilowesha ncha ya kitenge kwa maji ya chupa ya Taki akaanza kupangusa. Venansi alitazama mbele kama mtoto anayenyolewa.

"Mama, nikuulize. Yale mlisema na Muzee pale ndani... sisi tulikuwa nje, mlango iko wa mbao, tulisikia yote. Utanisamehe."

"Hamkuwa na pa kwenda."

"Ulisema mi nitaingia mbinguni." Akacheka kidogo, bila furaha. "Alors, basi, mi sitaki."

Mkono wa Gaudensia ukasimama.

"Padri akihubiri mbingu, watu wote wanafurahi, mi naogopa. We unajua nimetoka Buraza. Nyumba yetu kule ilichomwa, leo iko familia ingine inalima. Wakubwa wakanipa pale kwenu. Nilipoingia ile nyumba, nilikuta kitabu cha sala kwenye ukuta. Kiko na jina: Kastori. Mi nilikiweka kwenye sanduku, mpaka leo. Nikifa, nitafika pale mlangoni, na nani atakuwa amesimama? Si Kastori? Ataniambia, we, nyumba yangu uliiweka vipi? Ulikula mihogo yangu tamu? Nitasema nini?"

Gaudensia alikunja upya ncha ya kitenge. Alimwona Kastori. Hakuwa amemwona hivyo miaka mingi, maana kila alipomkumbuka alimkumbuka kwa siku ile ya mwisho tu. Sasa alimwona na ile kofia yake ya majani, amesimama kwenye mteremko, mbuzi wa mtu mwingine wanakula mahindi yake, na yeye anawaongelesha kwa adabu, anawaambia waheshimiwa, tokeni basi, mmeshashiba.

"Hukumjua Kastori," akasema. "Yule mtu alishindwa kukasirikia mbuzi. Hapa hapa duniani, na njaa tuliyokuwa nayo. Mke wake ndiye aliyekuwa anamkasirikia kwa kutokasirika. Ukifika atakuuliza nyumba, ndiyo. Utamwambia ulibadilisha paa. Utamwambia kitabu hukukichoma. Utamwambia hili jeraha la bega lilipatikanaje. Kisha atakuuliza kama ule mparachichi wa nyuma ulizaa."

"Ulizaa," Venansi akasema haraka. "Unazaa sana."

"Basi. Mtakuwa na maneno ya kuongea mpaka jioni. Na huko sijui kama kuna jioni."

Venansi alicheka, na safari hii kulikuwa na pumzi ndani yake. Gaudensia aliendelea kupangusa bega. Kitu kilikuwa kinamwuma kifuani, na alikaa nacho muda kabla ya kukitambua, kwa kuwa kilikuwa hakijamtembelea tangu Kibondo. Alitaka kuwepo. Siku hiyo, pale mlangoni, Kastori akiuliza na huyu akijibu. Alitaka kuwaona. Haikuwa ukungu wala mteremko, hivyo alikuwa navyo nyumbani. Ilikuwa sura ya mtu, na sauti yake, na kuona mambo yaliyokatwa yakimaliziwa.

Mlango wa bluu ukafunguka. Daktari, kijana mwembamba, alikuwa anavua kofia.

"Nani yuko na Egidius?"

Walisimama wote wawili.

"Mmemfikisha. Utumbo ulikuwa umeanza kubadilika rangi, lakini rangi ilirudi tulipouachilia. Mngengoja mpaka jioni tungekuwa tunaongea mengine." Akamtazama Venansi. "Wewe ni ndugu yake?"

Venansi akamgeukia Gaudensia.

"Ni wa kwetu," Gaudensia akasema.

* * *

Egidius alizinduka kesho yake asubuhi katika chumba cha vitanda kumi na viwili. Alitazama dari nyeupe, taa ndefu, pazia jepesi linalopepea, na mwanamke aliyevaa nyeupe aliyekuwa ameinama juu yake.

"Hapa ni wapi?" akanong'ona.

"Muyinga, muzee."

"Muyinga tu?"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliangua kicheko akashika mshono wake, akaomba kwa jina la Mungu wasimchekeshe. Muuguzi naye alicheka. Gaudensia alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge, na hakujua ni kicheko kilichoyaleta hayo machozi au ni ile siku nzima ya jana iliyokuwa inamtoka. Egidius aliwatazama mmoja mmoja, kisha pembe ya mdomo wake ikainuka.

"Bado niko Burundi," akasema.

"Bado uko Burundi. Vumilia ametuma salamu kwa simu ya Taki. Mbuzi wameshapelekwa malishoni."

Aliweka mkono wake juu ya bandeji. Walikuwa wamemvua lile shati jeupe kabla ya kumpasua. Lilikuwa chini ya kitanda ndani ya kikapu, limechafuka matope na kujaa mikunjo, na hakuliulizia.

"Na yule?"

"Yupo nje. Hakurudi nyumbani. Bega limechubuka."

"Mwite."

Venansi aliingia ameshika kofia mkononi, akasimama miguuni pa kitanda. Mtu angedhani ameitwa tena mbele ya wakubwa wa mashamba. Egidius alivuta pumzi, akakaza meno, akausogeza mguu wake wa kulia kuelekea ukutani, upana wa kiganja kimoja, kisha kingine, jasho likimtoka, mpaka pakabaki nafasi kwenye godoro.

"Kaa," akasema. "Kitanda ni kikubwa."

Venansi alikaa kwenye ukingo kabisa, nusu hewani.

"Kaa vizuri, bwana. Utaanguka, halafu nani atakubeba? Mimi nimeshonwa."

"Ndiyo, Muzee," Venansi akasema, akasogea.

"Jana njiani nilikuwa najaribu kusali. Nilikuwa nakwama mahali pamoja."

"Nilisikia."

"Ulisikia?"

"Sauti yako ilikuwa inafika kwenye sikio langu, Muzee. Na mi nilikuwa nasali na we, polepole. Ukikwama, nakwama."

Egidius akamtazama. Halafu akaanza, kwa sauti iliyokauka, Baba Yetu uliye mbinguni, na Venansi akaingia nyuma yake. Gaudensia alichukua sufuria yake akatoka taratibu. Alisikia wamefika kwenye ufalme wako ufike. Hakungoja kusikia kama watavuka pale pagumu. Alijua watavuka. Na wakikwama, walikuwa na siku nzima.

Nje wanawake walikuwa kwenye foleni ya bomba, kila mmoja na chombo chake, moshi wa meko ya wauguzaji ukipanda juu ya ua. Mama mmoja mwenye lafudhi ya Gitega alimsogezea nafasi.

"Mgonjwa wako yukoje?"

"Ameamka. Amekaa na jirani yake, wanasali."

"Una bahati, dada."

"Ninayo," Gaudensia akasema.

Maji yalikuwa yanatoka kwa uzi mwembamba na foleni haikuwa na haraka. Alisimama pale jua likimpiga mgongoni, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu lori lilipomteremsha akamwambia Mungu jambo hilo kwa maneno yake mwenyewe, bila wimbo. Nataka, Bwana, akasema. Wote wakiwemo, nataka kuja. Si leo, leo nina watu wawili wa kupikia uji. Lakini nataka.

"Mama, zamu yako," yule wa Gitega akamwambia, na Gaudensia akasogea kuteka maji.